Sura ya 6: Umeme Ukikatika Kakontwe, Faili Ziko Wapi?

"Flash ninayo. Kila Ijumaa ninanakili kazi zangu zote kabla ya kufunga ofisi. Bado nahitaji nini?"

Makatibu wa shule huuliza hivyo, na wahasibu wa vyama vya ushirika, na wauguzi wanaotunza orodha za wagonjwa kwenye kompyuta. Ni swali la haki, na anayeliuliza amewatangulia wengi, maana wengi hawana hata hiyo flash.

Lakini flash ya Ijumaa inakukinga na ajali moja tu, ile ya kompyuta kufa Jumamosi. Tuseme Jumanne mtu amefuta bila kujua safu nzima ya pointi za wanafunzi, kisha akahifadhi faili na kuifunga. Ijumaa unanakili faili hiyo mbovu juu ya ile nzima iliyokuwa kwenye flash. Sasa una nakala mbili, na zote hazifai. Zaidi ya hayo, mpango mzima unategemea kumbukumbu ya mtu mmoja. Siku akiugua malaria, au akihamishiwa Kolwezi, nakala zimekoma na hakuna atakayetambua mpaka zitakapohitajika.

Sura hii inaeleza njia nyingine. Unaweka mashine moja ofisini ambayo inapita yenyewe kwenye mtandao, inachukua nakala za akiba kutoka mashine nyingine zote za Linux, na kutunza hali ya faili ya jana, ya juzi na ya miezi iliyopita. Nakala ya akiba ni nakala inayowekwa kando kwa ajili ya siku ya hasara. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama ilivyo Windows, ila haulipiwi leseni, na kompyuta zilizozeeka huuvumilia vizuri.

## Hali ya mahali

Mtaa wa Kakontwe, katika mji wa Likasi, Kongo, unajulikana kwa mawe yake ya chokaa. Wanajiolojia wameliita tabaka zima la miamba ya Katanga kwa jina la Kakontwe, na zinki ya Kipushi imelala ndani ya tabaka hilo. Chokaa ya hapa imetumika kwa miaka mingi katika usafishaji wa shaba na kobalti kwenye mitambo ya Shituru. Kwa hiyo mashine ya ofisi ya Kakontwe inaishi jirani na viwanda vinavyokula umeme mwingi, na hilo ndilo litakalotuongoza hapa.

Umeme wa Katanga unatoka kwenye mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke. Mwingine unasafiri karibu kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, kwa njia iliyokamilika mwaka 1982. Pamoja na hayo, nyumba na ofisi za mitaani zinaishi na délestage, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, na mara nyingi zamu yenyewe haifuati ratiba yoyote. Vitabu vingi vya kompyuta vinamwambia msomaji apange nakala zichukuliwe saa 8 usiku, watu wakiwa wamelala. Ukifuata shauri hilo Kakontwe hutapata nakala hata moja, kwa sababu usiku mashine zimezimwa na huenda umeme wenyewe haupo.

Tuchukue shule ya sekondari ya mfano. Ina mashine sita zenye Linux: ya prefe, yaani mkuu wa shule, ya katibu, ya mtunza fedha anayeandika minervali, yaani ada ya shule, na tatu za walimu. Ndani yake mna buletini, yaani ripoti za matokeo ya wanafunzi, majina ya watahiniwa wa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, barua na hesabu za mwaka. Zote zimeungwa kwa kebo kwenye swichi moja, kile kisanduku kinachogawa mtandao.

## Kwa nini tusipeleke kila kitu intaneti?

Tupige hesabu. Tuseme data za shule ni gigabaiti 50, na muunganisho unapandisha megabiti 2 kwa sekunde, sawa na robo megabaiti. Gigabaiti 50 zitahitaji sekunde 200,000, yaani siku mbili na saa saba na nusu bila kukatika hata dakika. Nani Likasi amepata siku mbili za namna hiyo? Ndani ya ofisi, swichi ya kawaida ya megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde. Mzigo uleule unahama kwa saa moja na dakika chache, na hakuna vifurushi vinavyoliwa.

Kuna sababu nyingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilifunga intaneti nchi nzima, na haikurudi kwa karibu siku 20. Aliyekuwa na nakala zake zote ng'ambo alikaa muda wote huo bila kuzifikia.

Sisemi intaneti haifai. Orodha ya watahiniwa na daftari la fedha ni faili ndogo, na zinaweza kupelekwa huko kama nakala ya ziada. Msingi, hata hivyo, uwe ndani ya ofisi.

## Maneno ya kushika kabla ya kugusa kibodi

- Seva: mashine inayowahudumia wenzake. Hapa ni ile inayokusanya na kutunza nakala.
- Nakala kamili: seva inapitia faili zote upya, moja baada ya nyingine.
- Nakala ya mabadiliko: seva inachukua tu kilichobadilika tangu mara ya mwisho. Ndiyo ya kila siku, kwa kuwa inakwisha upesi.
- Kurudisha: kutoa faili kwenye nakala na kuiweka tena inapotakiwa.

Chini ya programu nyingi za kazi hii kuna chombo kimoja kiitwacho rsync, kilichotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Kinafanya kazi kama watunza ghala wawili wanaosomeana madaftari kwa simu: mistari inayolingana wanairuka, na mzigo unaosafirishwa ni wa ile iliyotofautiana tu. Ukibadilisha ukurasa mmoja katika faili ya megabaiti 100, si lazima megabaiti 100 zisafiri.

## Programu ipi?

Hapa watu hupotea, kwa sababu ukimuuliza fundi atakutajia programu aliyoizoea yeye. Nitataja tatu na kusema wazi ninayoipendelea.

Bacula ilianzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000. Imegawanyika vipande: msimamizi anayepanga ratiba, mtunzaji anayeandika kwenye diski au kanda, na mtumishi anayekaa katika kila mashine. Kila kipande kina mlango wake wa mtandao, kuanzia namba 9101 hadi 9103, na faili yake ya mipangilio, na manenosiri katika faili hizo lazima yalingane herufi kwa herufi. Juu ya hayo ina katalogi, yaani hifadhidata inayokumbuka faili ipi iko wapi. Kampuni yenye mamia ya mashine na maktaba ya kanda itaipenda. Kwa shule ya mashine sita ni mzigo, na katalogi ikipotea bila kuwa na nakala yake, kurudisha faili moja kunageuka kazi ya siku nzima.

rsnapshot iko upande wa pili kabisa. Ni faili moja ya mipangilio, na nakala zake ni folda za kawaida unazoweza kuzifungua na kuzisoma bila programu yoyote. Hilo ni jambo kubwa, maana hata miaka kumi baadaye mtu atachomeka diski na kuona faili. Ina visa vyake vidogo. Katika faili ya mipangilio, maneno yanatenganishwa kwa kitufe cha Tab, na ukiweka nafasi ya kawaida inakataa. Wengi wamekesha wakitafuta kosa hilo. Shida yake kubwa kwetu ni kwamba huamshwa na saa iliyopangwa. Saa ikifika umeme haupo, zamu imepotea.

BackupPC iliandikwa na Craig Barratt na kutolewa mwaka 2001, na ndiyo ninayoipendekeza. Haingoji saa moja maalumu. Kila saa inaamka, inaita mashine moja moja kwenye mtandao, na inayoitikia ikiwa nakala yake imepitwa na wakati, inanakiliwa hapohapo. Mashine ya prefe ikiwaka kwa saa mbili tu mchana, itapatikana ndani ya saa hizo mbili. Tena, faili ileile ikiwa kwenye mashine zote sita, seva inaitunza mara moja. Na inaongozwa kwa ukurasa wa kivinjari, kwa hiyo katibu anaweza kurudisha faili bila kuandika amri yoyote.

Ubaya wake ni kwamba nakala zimefungashwa kwa namna yake yenyewe. Ukichomoa diski na kuitazama bila programu hutaelewa kitu. Dawa yake iko mbele kidogo.

*Kwa kifupi:* mashine moja au mbili, rsnapshot. Ofisi ya mashine kadhaa na umeme wa kubahatisha, BackupPC. Kampuni kubwa yenye fundi wa kudumu, Bacula.

## Nani ashike ufunguo?

Kuna njia mbili za kuhamisha nakala. Mashine za ofisi zinaweza kuzisukuma kwenda seva, au seva ikazivuta. Chagua kuvuta. Mashine inayosukuma lazima iwe na ufunguo wa kuingia kwenye seva. Mwizi wa mtandao au programu haribifu ikiingia humo, itautumia ufunguo huohuo kufuta nakala. Seva inapovuta, mashine za ofisi hazina njia ya kuifikia hazina.

Kwa upande mwingine, seva sasa imeshika funguo za mashine zote sita. Kwa hiyo iwekwe kwenye chumba kinachofungwa, isitumike kuandikia barua wala kutazamia filamu, na nenosiri lake lijulikane na watu wawili, siyo kumi na siyo mmoja.

## Kuiweka

Seva haihitaji kuwa mpya. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye Debian, inatosha, ila usibane fedha kwenye diski. Weka diski ya pili kubwa, mara mbili au tatu ya data zenu zote, na uielekeze kwenye folda `/var/lib/backuppc` kabla ya kuanza.

1. Zipe mashine zote anwani zisizobadilika kupitia ruta, ili seva isije ikaita mashine ya katibu ikaitikiwa na ya mwalimu.
2. Kwenye seva andika: `sudo apt install backuppc`. Mwishoni utaonyeshwa nenosiri la ukurasa wake. Liandike kwenye karatasi. Likikupotea, utatengeneza jingine kwa `sudo htpasswd /etc/backuppc/htpasswd backuppc`.
3. Kwenye kila mashine ya ofisi: `sudo apt install openssh-server rsync`. Ya kwanza inafungua njia ya siri ya kuingilia, ya pili ndiyo mbebaji.
4. Kwenye seva, tengeneza ufunguo kwa jina la mtumiaji wa programu: `sudo -u backuppc ssh-keygen -t ed25519`. Ukiulizwa nenosiri la ufunguo acha wazi, kwa kuwa programu itaamka yenyewe na hakutakuwa na mtu wa kuliandika. Peleka nusu ya wazi ya ufunguo huo, faili inayoishia na `.pub`, kwenye kila mashine.
5. Ingia kila mashine mara moja kwa mkono, kutoka kwenye seva, ukiwa mtumiaji huyohuyo wa backuppc. Utaulizwa kama unaiamini, jibu `yes`. Ukiruka hatua hii programu itagoma kila saa na hutajua kwa nini.
6. Fungua ukurasa wa BackupPC kwenye kivinjari, ongeza majina ya mashine, chagua njia ya rsync, na utaje folda ya kunakiliwa: `/home`.
7. Anzisha nakala kamili ya kwanza mwenyewe, mashine moja kwa siku, onduleri ikiwa imejaa.

Onduleri ni kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Nunua moja kwa ajili ya seva kabla ya kuinunulia mashine nyingine yoyote. Iunge na seva kwa kebo ya USB na uweke programu iitwayo NUT, ambayo huizima seva kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Diski zinazozimwa ghafla wakati zinaandika huharibika mapema, na za seva hii ndizo za mwisho unazotaka ziharibike.

Usinakili `/proc`, `/sys` wala `/dev`. Yaliyomo humo si faili za kweli bali ni hali ya mashine kwa dakika hiyo. Na mwombe fundi aubane ule ufunguo wa hatua ya 4 usiweze kufanya kingine chochote ila kusoma kwa rsync.

## Saa za Kakontwe

Mipangilio ya kuzaliwa ya BackupPC ni mizuri, lakini walioiandika walifikiria ofisi ambayo umeme haukatiki. Mambo matatu yanahitaji mkono wako.

La kwanza ni usafi. Kila siku programu hupitia nakala na kuondoa faili zisizohitajika tena, na kazi hiyo hufanyika katika saa ya kwanza iliyotajwa kwenye orodha ya kuamka. Kwa kawaida ni saa 7 usiku. Kama seva yako huzimwa usiku, usafi hautafanyika kamwe, na diski itajaa taratibu mpaka ikatae. Hamisha saa 4 asubuhi, au saa yoyote ambayo kwa kawaida mna umeme, iwe ya kwanza kwenye orodha.

La pili ni saa za marufuku. Mashine inayoitikia kila mara inahesabiwa kuwa haizimwi, na programu huacha kuinakili kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, isije ikawasumbua wafanyakazi. Wiki ambayo umeme ni mzuri, mashine ya katibu inaweza kuingia kwenye kundi hilo bila nyinyi kujua. Futa marufuku hayo kabisa. Nakala ya mabadiliko ya mashine ya ofisi kwa kawaida huchukua dakika chache, na mwandishi wa barua hataihisi.

La tatu ni muda wa kutunza. Ukiweka namba 4, 2, 3 kwenye mpangilio wa nakala kamili, utaweza kurudi nyuma miezi minne na zaidi kidogo. Mwaka wa shule unaanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Julai. Kosa la Oktoba likigunduliwa wakati wa kuandaa buletini za mwisho, miezi minne haitoshi. Ongeza namba ya mwisho mpaka ufunike mwaka mzima, kama diski inaruhusu.

Neno moja kuhusu hifadhidata. Kama programu ya minervali inatumia MySQL au PostgreSQL, usitegemee kunakili faili zake zikiwa zinaandikwa, kwa sababu utapata nusu ya leo na nusu ya dakika iliyopita. Panga amri ya `mysqldump` au `pg_dump` itoe faili moja iliyotulia ndani ya `/home` kila mchana. Hiyo ndiyo seva itakayoichukua.

## Nakala inayolala nje

Likasi inapata mvua za radi kuanzia Novemba hadi Machi, na radi hupitia kebo ya mtandao kama inavyopita kwenye waya wa umeme. Mwizi naye hachagui. Atakayechukua kompyuta ya prefe ataibeba na seva iliyo chumba cha pili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, jengo zima la seva za kampuni ya OVH liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa palepale penye moto.

Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, chomeka diski ya nje na uiambie BackupPC itoe nakala kamili ya kila mashine katika mfumo wa tar, faili ya kufungashia ambayo kila Linux inaweza kuifungua bila BackupPC. Hii ndiyo dawa niliyoahidi. Diski hiyo ifungwe kwa nenosiri, kwa kuwa ina majina ya watoto na hesabu za fedha, kisha ikalale mtaa mwingine, Kikula au Panda, nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Muwe na diski mbili za kupokezana, ili isitokee siku zote zikawa ofisini.

## Je, inarudi?

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Alipoacha, katika gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za nakala za akiba. Ile ya `pg_dump` ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu toleo la amri halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya kwamba inashindwa zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na nakala ambayo fundi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya jaribio jingine. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Hao walikuwa mafundi kwa taaluma. BackupPC nayo hutuma barua pepe mashine ikikaa siku 7 bila nakala, na shule ya mfano wetu haina seva ya barua, kwa hiyo onyo halitafika popote. Badala yake mtu mmoja afungue ukurasa kila Jumatatu na kutazama tarehe ya mwisho ya kila mashine, kisha atie sahihi kwenye daftari la kawaida la karatasi. Inachukua dakika mbili.

Na kila mwisho wa mwezi, rudisha faili moja kweli. Asichague fundi, achague katibu: "Papa, nataka orodha ya darasa la sita kama ilivyokuwa wiki tatu zilizopita." Irudishe kwenye folda nyingine, siyo juu ya ile inayotumika, mwite mwenyewe aifungue na asome majina. Kama umeshaweka seva yako na hujafanya jaribio hilo, weka kitabu hiki chini ulifanye leo, kabla umeme haujakatika.